Kabla ya SOTOCAHA, jua umesimama pembe gani

Juzi usiku msomaji wangu wa kidato cha pili, yuko Wete, Pemba, kaniandikia: "Dada, SOTOCAHA nimeihifadhi yote, lakini maswali nakosa." SOTOCAHA ni lile neno la kukumbukia kanuni za sini, tanjenti na kosini za pembetatu mraba. Machozi yalinilenga. Maneno hayo niliyasema mimi.

Mtihani wa pembetatu mraba nilipata 11 kwa 100. Mwalimu aliisoma alama yangu mbele ya darasa, akasema wengine tumezaliwa kuchuma karafuu. Mama yangu alikuwa mchumaji. Miaka imepita, na neno lile bado linanichoma.

Likizo ile ami alikuwa anajenga, nami nikimpelekea chai na mihogo. Siku moja nilimkuta anapiga gonia ya msingi: kapima futi 3 huku, futi 4 kule, na mkato sharti usome 5 ndipo kona iwe nyuzi 90. Akanishikisha uzi kwenye kigingi kimoja. Upande uliokuwa mbele yangu ukawa ule wa futi 3. Akanihamishia kigingi cha pili, mbele yangu pakawa na futi 4. Nikasimama pale kama niliyepigwa na radi. Mwaka mzima nilidhani upande wa mkabala ni ule uliosimama wima kwenye picha! Kumbe pembe ndiyo inayozipa pande majina. Haipotenusi tu, ule upande mrefu kuliko yote, haihami, kwa kuwa daima inaitazama pembe mraba, ile ya nyuzi 90.

Basi wadogo zangu, chukueni ngazi ya mita 4, iegemee ukuta kwa nyuzi 60 kutoka ardhini. Ukiwa chini, umbali hadi ukutani unapakana nawe: kosini, yaani upande unaopakana nawe ukigawanywa kwa haipotenusi (hapa ngazi), ya nyuzi 60 ni 0.5, kwa hiyo 4 × 0.5, mita 2. Panda juu. Pembe ya huko ni nyuzi 30, maana hizo mbili hugawana 90. Umbali uleule sasa uko mkabala nawe: sini, yaani upande wa mkabala ukigawanywa kwa haipotenusi, ya nyuzi 30 nayo ni 0.5. Mita 2 zilezile.

Tia alama kwenye pembe kwanza. Kila swali, tia alama kwanza. Nilifanya hivyo hadi kidato cha nne, na hesabu nikafaulu. Nanyi walimu, mtoto akikosa, muulizeni kasimama pembe gani, mzazi wake muacheni.

Yule wa Wete nimemwambia aichore ngazi upya, safari hii ukuta aulaze chini, halafu anitumie picha. Naingoja.