Taa mpya, projekta bado giza

SWALI: Projekta ya darasani ilizimika katikati ya kipindi, kukasikika mlio kama wa puto kupasuka. Nimenunua taa mpya na kuifunga mwenyewe, lakini haiwaki. Je, nimeuziwa taa mbovu? – Mwalimu wa Jiografia

JIBU: Usimgombeze muuzaji kwanza, mwalimu. Mimi mwenyewe niliwahi kurudisha taa nzima dukani, kumbe kifuniko hakikubana vizuri. Ndani ya mlango wa taa mna swichi ndogo ya usalama. Mlango ukilegea hata kidogo, mashine haiwashi taa. Chomoa waya wa umeme, subiri saa nzima ipoe, kisha sukuma kasha la taa mpaka plagi yake iingie barabara, kaza skrubu zote na ufunge mlango. Kioo usikiguse kwa vidole: mafuta ya ngozi hukiunguza na kukipasua.

Ikiwaka, ingia kwenye menyu urudishe hesabu ya saa za taa kwenye sifuri, la sivyo itaendelea kukudai taa mpya. Safisha pia kichujio cha hewa. Vumbi la chaki ndilo linalochemsha taa hizi zikafa mapema.

Huo mlio ndio ulionishtua. Taa hizi nyingi zina zebaki, ambayo ni sumu. Ikipasuka tena, toa wanafunzi, fungua madirisha, na vipande usivizoe kwa mikono mitupu. Na kagua ndani: kipande kimoja cha kioo kilichobaki kinatosha kuzuia feni.