Ndizi za Tibet na magogo ya Kinthup

SWALI: Baba Mwalimu, hodi. Mwanangu anasema huko Tibet kuna wilaya inayolima ndizi na mpunga. Nimemkatalia, maana mimi najua Tibet ni theluji tu. Nani mkweli? – Mama wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Karibu, mama. Mtoto ndiye mkweli. Wilaya hiyo inaitwa Medog, kusini-mashariki mwa Tibet. Mto Yarlung Tsangpo huuzunguka mlima Namcha Barwa (mita 7,782), kisha hushuka kwa kishindo kuelekea India. Bonde ni refu kwenda chini hata mji wa Medog uko mita 1,100 hivi, karibu sawa na Lubumbashi yetu. Mvua za Ghuba ya Bengali huingia humo, na migomba inastawi. Lakini juu kuna theluji, ndiyo maana Medog haikuwa na barabara ya kudumu hadi 2013. Chumvi ilifika mgongoni mwa watu.

Mimi nilipofundisha jiografia, somo hili nililianzia kwenye mto wetu Lualaba. Msafiri Livingstone alidhani Lualaba ni Nile. Mwenzake Stanley aliufuata kuanzia 1876 akatokea Boma, karibu na bahari, na ikajulikana ni Kongo. Huko Asia nako waliulizana: Tsangpo ndio Brahmaputra, ule mto mkubwa wa India?

Mwaka 1880 Waingereza wa India walimtuma Kinthup, mtu wa Sikkim asiyejua kusoma, pamoja na lama mmoja, yaani mtawa wa Kibuddha. Atie magogo 500 yenye alama mtoni, wao wayangoje kule chini kwenye Brahmaputra; yakitokea, basi mto ni mmoja. Lama akamuuza utumwani! Kinthup akatoroka, akakimbilia monasteri ya Marpung, humo humo Medog, na mkuu wake akamnunua. Aliomba ruhusa ya kwenda kuhiji, akakata magogo, akayaficha. Akaomba tena, akaenda Lhasa, mji mkuu wa Tibet, kuandikiwa barua ya kuwatajia waliomtuma siku za kuyatupa, kisha akarudi kumtumikia bwana wake. Siku zilipofika alitupa magogo 50 kila siku, siku kumi.

Hakuna aliyekuwa akiyangoja. Barua haikufika, na ofisa aliyemtuma alikwisha ondoka India.

Nasema wazi, mama: sijaona mtu aliyetimiza neno lake kama huyu. Mwaka 1913 Waingereza Bailey na Morshead walipita bonde lile wakakuta aliyoyasimulia Kinthup aliporudi yalikuwa kweli kwa sehemu kubwa. Bailey akamtafuta. Alimkuta Darjeeling, mji wa India, fundi cherehani.