Maswali ya Jikoni: Maharage ya Kitabu na Mboga ya Nyumbani

Shikamoo Mama. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Pasua, Moshi. Tangu mwezi wa kwanza binti yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 15, ameacha kula nyama na samaki, ingawa maziwa na mayai anakula, na mimi na baba yake tumekubaliana kwamba badala ya kubandika sufuria mbili kila jioni, nyumba nzima itakula bila nyama siku nne za wiki. Nina vitabu viwili vya mapishi ninavyovipenda: kimoja cha Kiingereza, cha zamani, nilichonunua kwa wauza vitabu vya mitumba, na kingine cha mapishi ya Kihindi nilichoachiwa na jirani aliyehama. Shida ya kwanza ni kwamba mchuzi wa maharage ambao kitabu kinasema huwa tayari kwa dakika 40, kwangu huchukua saa tatu, na bado maharage hubaki na kiini kigumu. Wiki iliyopita tulikula saa nne usiku, mdogo wao akiwa amelala kwenye kochi na sare ya shule. Shida ya pili ni mume wangu, ambaye hula, hushukuru, kisha huuliza, "Sasa mboga iko wapi?" Tena kitabu cha Kiingereza kinasisitiza kwamba kila mlo uwe na nafaka na kunde kwa vipimo maalumu, la sivyo mtoto hatakua. Nifanyeje? – Mama wa Pasua

Marahaba, mwanangu. Nianze na maharage, maana mtoto aliyelala na sare haamshwi na ladha.

Fungua tena ukurasa ule, usome orodha ya mahitaji kabla ya maelekezo. Karibu nina hakika utakuta kwamba maharage yanayotajwa ni ya kopo, yaani yameshapikwa kiwandani, na zile dakika 40 ni za kuunga tu. Wewe umechukua maharage makavu ya soko la Mbuyuni, ukayatia sufuriani pamoja na nyanya kama kitabu kilivyoelekeza, na hapo ndipo saa tatu zilipoanzia. Nyanya, ndimu na ukwaju vina uchachu unaozuia ganda na nyama ya maharage kulainika, kwa hiyo maharage yachemshwe peke yake mpaka yaminyike kati ya vidole viwili bila kubisha, ndipo nyanya ziingie. Kopo la gramu 400 likichujwa hubaki na gramu 240 hivi za maharage, ambazo ni sawa na takribani gramu 100 za maharage makavu; basi kitabu kikisema makopo mawili, wewe pima kikombe kimoja kilichojaa vizuri.

Lipo na jambo la mlima. Maji huchemka kwa nyuzi 100 kwenye usawa wa bahari, lakini hushuka karibu nyuzi moja kwa kila mita 300 unazopanda, kiasi kwamba Moshi mjini yanachemka kwa nyuzi 97 hivi, na hapa kwetu Arusha, karibu mita 1,400, kwa nyuzi 95. Moto ukiukoleza, maji yatatokota kwa kelele zaidi lakini hayatakuwa ya moto zaidi. Mwandishi aliyepika London hakuwa na sababu ya kuyafikiria haya. Sufuria ya presha hulimaliza tatizo hili, na kama uwezo upo, ni afadhali ununue hiyo kabla ya kitabu cha tatu. Kama haipo, loweka maharage asubuhi kabla ya kwenda kazini kwa maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha chumvi kwa kila lita, kwa sababu chumvi hulainisha ganda, kinyume na tulivyoambiwa na mama zetu. Jioni yamwage maji hayo, osha, bandika kwa maji mapya. Maharage mekundu yatokote kwa nguvu dakika kumi au zaidi kabla hujapunguza moto, kwa kuwa yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiui, na anayeyala yakiwa nusu mabichi hutapika usiku kucha.

Najua jirani atakushauri utie magadi. Yanalainisha kweli, na makande ya kwetu yamepikwa hivyo tangu zamani, lakini magadi ya kanda hii yana madini mengi ya floraidi, yale yale yanayotia meno ya watoto wa huku rangi ya kahawia, na kuyachemsha hakuyaondoi. Mimi nimeyaacha.

Sasa mume wako. Usimkasirikie, kwani swali lake ni la lugha kabla halijawa la chakula. Kwetu mboga ni chochote kinachoteremshia ugali, wali au ndizi, hata kikiwa nyama ya ng'ombe. Ndiyo maana mtu husema "leo mboga ni dagaa" na hakuna anayeshangaa. Anapouliza mboga iko wapi, huenda hadai nyama hata kidogo, bali anaona bakuli moja lenye kila kitu ndani yake, hana cha kumegea wala cha kuchovyea. Kitabu chako cha Kiingereza kimepanga mlo wa kuliwa kwa kijiko, na hata chumvi yake imekadiriwa kwa mlo wa namna hiyo. Mchuzi huo huo ukiuweka kando ya ugali, ambao hauna chumvi wala mafuta, utapwaya, na mtu atainuka mezani akihisi ameshiba bila kula.

Kwa hiyo kila pishi la kitabu ligeuze liwe mboga: lipunguzie maji, liongezee viungo na chumvi, vizidi kidogo vile vilivyoandikwa, kisha songa ugali au chemsha ndizi mshare pembeni. Chukua mfano wa dengu na spinachi, pishi ambalo sijaona kitabu cha Kihindi cha wasiokula nyama kisichokuwa nalo. Chemsha dengu kama nilivyoeleza kwa maharage. Kaanga vitunguu vitatu vikubwa, si kimoja, kwa moto wa wastani, na usiondoke jikoni: vitatoa maji kwanza, vitalegea, vitakuwa vya manjano, na mtu mwenye haraka hutia nyanya hapo. Subiri. Baada ya dakika 15 au 20 kingo zake zitakuwa na rangi ya maganda ya karanga na harufu itafika sebuleni, na hiyo ndiyo kazi ambayo nyama ya kukaanga ilikuwa ikiifanya katika mchuzi wako bila wewe kujua. Tia kitunguu swaumu, tangawizi, bizari nyembamba na giligilani za kusaga, kisha nyanya, ukoroge mpaka mafuta yajitenge pembeni ya sufuria, ndipo utie dengu na maji yake kidogo.

Badala ya spinachi, tumia mnafu, na hapa nakiri upendeleo, maana sijaona jani linalopatana na dengu kama huo. Uchungu wake mdogo hukata ule ungaunga wa dengu mdomoni. Uchambue vizuri, uuchemshe kidogo peke yake ukiwa umekomaa, uukamue, uukate, uutie mwishoni. Kitabu kikitaka krimu, karanga nusu kikombe zilizokaangwa na kutwangwa zinatosha kwa watu sita, au tui zito kama nazi ya Tanga imefika sokoni kwa bei inayovumilika. Mpe baba watoto hiyo na ugali wa dona, halafu uniandikie alichouliza.

Kuhusu vipimo vya nafaka na kunde, kitabu chako kinarudia fundisho lililoenezwa na Mmarekani Frances Moore Lappé katika kitabu chake cha mwaka 1971, Diet for a Small Planet, kwamba protini za mimea sharti zioanishwe kwa uangalifu katika mlo. Mwenyewe, katika toleo la mwaka 1981, alikubali kwamba alikuwa ametia chumvi: mtu anayekula vyakula mbalimbali vya kutosha kwa siku nzima hana haja ya kuvioanisha katika kila sahani. Uji wa asubuhi na maharage ya jioni vitakutana vyenyewe. Binti yako, kwa kuwa anakula mayai na maziwa, anapata pia vitamini B12, ambayo mimea haina. Siku akiviacha hivyo navyo, mpeleke kwa mtaalamu wa lishe aandikiwe vidonge. Kwa madini ya chuma, kamulia ndimu kwenye majani yakishaiva, na chai ya rangi isubiri saa moja baada ya chakula, kwa kuwa inazuia madini hayo yasifyonzwe.

Shikamoo Mama. Mke wangu hali nyama, nami nimejitwika zamu ya kupika Jumapili kwa kitabu cha Kimarekani. Mkate wa adesi unatakiwa uokwe kwa nyuzi 350, lakini oveni yetu inaishia 250. Niliiweka mwisho kabisa, ukaungua juu na ndani ukabaki tope. Oveni ni mbovu? – Kijana wa Njiro, Arusha

Marahaba. Oveni ni nzima. Wamarekani hupima joto kwa Farenhaiti, na nyuzi 350 zao ni kama 180 za oveni yako. Kikombe chao ni mililita 240, kwa hiyo usitumie kile kikubwa cha chai kilichoko kabatini, na kijiko chao cha chakula ni mililita 15. Ukipata kitabu cha Australia, kijiko hicho huwa 20. Ziandike tarakimu hizi kwa penseli kwenye jalada la ndani. Hongera kwa zamu.

Mwanangu, ninaandikiwa na mjukuu, lakini maneno ni yangu. Mkwe wangu amekuja Machame na daftari, anataka kiburu changu, yaani ndizi na maharage yaliyopikwa pamoja, akiweke pamoja na vitabu vyake, kwa kuwa wao hawali nyama. Ananiuliza ndizi ngapi, chumvi kiasi gani, maji vikombe vingapi. Mimi natia mpaka inatosha. Nimwambie nini? – Bibi, Machame

Shikamoo Bibi. Usimwambie chochote, pika kama kawaida yako, naye afanye kazi ya kupima. Ndizi azipime kwenye mizani zikiwa zimeshamenywa, kwa sababu ganda la ndizi mbichi ni zito na akilihesabu atapotea. Maharage ayapime makavu, kabla hujayaloweka. Maji ayaweke kwenye jagi lililojaa, wewe umimine unavyotaka, kisha aangalie yamebaki kiasi gani. Mkebe wa chumvi aupime kabla hujaugusa na aupime tena ukimaliza, na kitakachopungua ndicho kiasi chako, hata kama ulichota kwa vidole mara nne.

Kitakachomshinda kupima ni wakati. Muombe akae karibu na sufuria, asikilize: kiburu kikianza, maji hutokota kwa sauti nyepesi, na ndizi zikishaanza kuvunjika na kushikana na maharage, sauti huwa nzito na mapovu hupasuka moja moja. Sauti hiyo aiandike kwenye daftari kama ilivyo, na pembeni aandike saa iliyokuwa ukutani, kisha akirudi kwake mjini ahesabu kwamba sufuria yake na mkaa wake si vyako, wala ndizi za sokoni hazikukatwa asubuhi ile ile shambani. Akikipika mara ya kwanza, alete bakuli kwako ulionje.