Alkaloidi za mbegu: zimeziduliwa, zimetengwa au zimebainishwa?

SWALI: Katika ripoti yangu kuhusu alkaloidi, yaani kampaundi za mimea zenye nitrojeni na tabia ya alikali, niliandika "alkaloidi zilizotolewa kwenye mbegu za lupini". Mwenzangu amenisahihisha niandike "zilizotengwa na mbegu na kutambulishwa". Ipi ni sahihi?

JIBU: Mwenzako amechagua kitenzi kizuri, "kutenga", kisha akakiharibu kwa kihusishi. Baada ya kauli ya kutendwa, "na" humtaja mtenda, kwa hiyo sentensi yake inaweza kusomeka kana kwamba mbegu zenyewe ndizo zilizofanya kazi ya maabara. Andika "zilizotengwa kutoka katika mbegu".

"Kutoa" si kosa, ila ni pana mno. Mbegu zinaposagwa, zikaondolewa mafuta, kisha unga wake ukalowekwa katika kiyeyushi, hatua hiyo huitwa kuzidua, na kinachopatikana bado ni mchanganyiko. Hata ukiutikisa pamoja na asidi hafifu, ambamo alkaloidi hugeuka chumvi na kuhamia majini, kisha ukatia alikali ili zirudi kwenye kiyeyushi, umesafisha tu. Kutenga hutimia pale alkaloidi moja ya lupini, kwa mfano lupanini, inapopatikana peke yake, bila spateini wala nyinginezo, aghalabu baada ya kupitishwa kwenye safu ya kromatografia, yaani bomba lenye kijazo kinachotenganisha kampaundi.

"Kutambulisha" tuwaachie wageni wa heshima. "Kutambua" hufaa iwapo kampaundi inajulikana tayari: spektra ya masi (kipimo cha uzito wa molekuli na vipande vyake) ikionyesha masi ya molekuli 248, na vipande vyake vikalingana na vya lupanini halisi, umeitambua. Muundo ambao haujawahi kuelezwa na yeyote hubainishwa, kwa kuwa hakuna cha kuulinganisha nacho. Kutenga na kubainisha kunaweza kuachana mbali sana: wanakemia Pelletier na Caventou waliitenga striknini, alkaloidi yenye sumu kali, nchini Ufaransa mwaka 1818 kutoka katika mbegu za mimea ya jenasi Strychnos, lakini muundo wake ulisubiri hadi 1946, mwanakemia Robert Robinson alipoubainisha. Anayeandika kwamba striknini "ilibainishwa mwaka 1818" amepotosha historia kwa kitenzi kimoja.

Nimeona pia watu wakiandika "maalkaloidi", na sioni sababu yake. Neno hili limetulia katika ngeli ya i-/zi-: alkaloidi hii, alkaloidi hizi.

Ikiwa ulizipata zikiwa safi na zote zilikwisha kujulikana, andika: "Alkaloidi zilizotengwa kutoka katika mbegu za lupini na kutambuliwa." Ikiwa uliishia kwenye mchanganyiko, andika "zilizoziduliwa", wala usidai zaidi.