Usimpumzishe Mtoto Asiyeona

Watu wakijua nimekua bila kuona huniuliza kama nilichekwa, kama nilitukanwa, kama nilifichwa ndani. Kuchekwa kulikuwepo, kukauma, kukapita. Kilichonirudisha nyuma miaka na miaka kilikuja kwa sauti ya upole kabisa: "Mwacheni apumzike, masikini." Maneno hayo yalitoka kwa watu walionipenda, nyumbani na shuleni, ndiyo maana nilichelewa kutambua kwamba yanafaa kukataliwa.

Surua ilinipata ningali nikijifunza kutembea. Ikimkuta mtoto mwenye upungufu wa vitamini A huweza kuharibu kioo cha mbele cha jicho, na kabla chanjo na matone ya vitamini hayajaenea vijijini iliwapofusha watoto wengi. Mimi sikumbuki kuona. Aliyekumbuka ni mama. Alikuwa na mtoto aliyemfuata kwa macho jikoni, kisha akawa na mtoto asiyemfuata, na huzuni ile akaigeuza kuwa ulinzi. Akanitandikia mkeka barazani. Ndugu zangu walitumwa dukani, walichota maji, waligombezwa kwa kuvunja vikombe. Mimi niliketi. Mgeni akifika nilisifiwa: "Huyu hana usumbufu hata kidogo." Mtoto wa miaka sita, sifa yake kubwa ni kwamba amekaa.

Mama alifanya alivyoweza kwa alichokijua, wala simlaumu. Lakini leo mzazi akiniuliza aanzie wapi na mtoto wake asiyeona, namwambia aanzie jikoni, kabla hata ya kuzungumzia shule.

Mimi nilianzia jikoni kwa bibi mzaa mama, Muheza, nilipopelekwa likizo. Bibi alinipakatisha ungo wa maharage akasema, "Haya mwanangu, hayo ndiyo ya usiku. Chambua." Nikamwambia sioni. Akajibu kwamba analijua hilo, na maharage bado yanasubiri.

Vidole vilichukua muda, kisha vikajua. Harage ni laini na lina tumbo. Kokoto ina kona, na huwa ya baridi kidogo. Bonge la udongo ndilo gumu kulijua kwa sababu lina umbo la harage, ila ukilibana linaacha unga kwenye kidole. Lililoliwa na wadudu lina kijitundu, na kucha hukikuta kabla ya ngozi. Bibi alipitisha mkono wake kwenye ungo, akaokota mawe niliyoyaacha, akaniwekea kiganjani moja moja ili niyajue, kisha akamwaga yote upya. Nirudie. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nirudie kitu. Siku ile nilikula maharage yangu nikiwa mtu mwingine kabisa.

Moto ulifuata baadaye, na alivyonifundisha bibi ndivyo ninavyomshauri kila mzazi hadi leo. Kwanza alinishikisha mafiga matatu yakiwa ya baridi, nikajua kuni zinaingilia upande gani na mimi nikae upande gani. Kanga alinikazia kwapani, ncha akazichomeka ndani zisining'inie. Kila chombo kilikuwa na mahali pake, na aliyekihamisha aligombezwa yeye. Kisha akanifundisha kusikiliza. Maji yanayokaribia kuchemka hupiga kelele kali chini ya sufuria, halafu ile kelele hupungua na mabubujiko mazito huanza, na hapo ndipo unga unaingia. Ugali nao ukiiva unaujua kwa mwiko, unakuwa mzito na unaachia pembeni mwa sufuria. Niliungua? Ndiyo, kidogo, kama dada zangu walivyoungua walipokuwa wakijifunza.

Mzazi mwenzangu, kuna kosa moja dogo ambalo huwaponza wengi. Mtoto ameosha vyombo, sahani moja ina mafuta, nawe unasubiri alale uioshe upya usimvunje moyo. Anajua. Sisi tunasikia maji. Anachojifunza usiku ule ni kwamba kazi yake ni ya kuigiza na kazi ya kweli hufanywa na wengine akishalala. Mwite, mshikishe pale penye mafuta, airudie yeye mwenyewe.

Shule ya msingi nilisoma bweni, tukiwa wengi tusioona, na huko nilifundishwa nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Wanaoona wengi hawajui ugumu wake. Herufi zote hutoka kwenye nukta sita, safu mbili za nukta tatu tatu. Ukiandika kwa kibao na kalamu ya kutobolea, unatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi ukiwa umeigeuza kichwani, ili karatasi ikipinduliwa isomeke kutoka kushoto kwenda kulia. Watoto wa darasa la kwanza hulifanya hilo kwa kasi huku wakipiga soga. Louis Braille, Mfaransa aliyeubuni mfumo huo akiwa kijana wa miaka 15, naye alikuwa haoni tangu utotoni.

Halafu mtoto huyohuyo anaingia sekondari na kuambiwa hesabu hataziweza.

Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Tulikuwa tumechanganywa na wanaoona, na kidato cha kwanza mwalimu alituambia sisi tusioona tupumzike kipindi cha hesabu, twende maktaba. Maktaba yenyewe haikuwa na kitabu hata kimoja cha nukta nundu. Tuliketi humo tukisikia darasa zima likiimba kanuni ng'ambo ya ukuta. Darasa la saba tulikuwa tumefanya mtihani wa hesabu kama watoto wote nchini, tena Baraza la Mitihani la Tanzania huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa masomo mengine. Taifa linatambua kwamba mtoto asiyeona anahitaji muda zaidi wa hesabu. Nani basi aliamua kwamba hahitaji hesabu zenyewe?

Bei ya pumziko lile unailipa baadaye, wakati aliyekupa ameshakusahau. Mimi nilitamani uchumi. Bila hesabu za kidato cha nne, mlango huo hufungwa kabla hujaugusa, na orodha ya kazi unazoweza kuziomba hufupika bila mtu yeyote kukutamkia neno baya.

Aliyeninasua ni kijana wa chuo aliyekuja kwa mazoezi ya kufundisha, aliyekuta tumekaa maktaba akauliza kwa nini. Hakujua nukta nundu hata kidogo. Ila aligundua jambo ambalo walimu wengi hawalioni: maneno yake mwenyewe ubaoni yalikuwa matupu. Mwalimu wa hesabu husema, "Hii tukiitoa huku tukaileta hapa, tunapata hii." Anayeona anafuata kidole. Asiyeona amepewa "hii" tatu na hana kitu mkononi. Yule kijana akaanza kusema alichokuwa anaandika: "eksi mara mbili, jumlisha tano, ni sawa na kumi na moja, tunaondoa tano pande zote mbili." Ni hilo tu. Hakuhitaji fedha wala semina. Akagundisha uzi kwenye vipande vya boksi ili tushike grafu, akatuundia pembetatu kwa njiti za kiberiti. Na wenzetu wanaoona waliokuwa wakiachwa nyuma nao wakaanza kuelewa, kwa sababu sasa somo lilikuwa linasikika.

Kidato cha nne nilipata D ya hesabu. Naithamini kuliko alama zangu nyingine zote.

Naomba niseme pia kuhusu sifa za bure, kwa kuwa zinaonekana hazina madhara. Insha zangu zilirudi na "vizuri sana" mfululizo, kumbe msahihishaji hakuweza kusoma nukta nundu na hakumwomba mtu amsomee. Akaja mwalimu mwingine wa Kiswahili, akampa mwalimu wa kitengo cha wasioona ile insha aiandike kwa maandishi ya kawaida, akaisahihisha. Nikapata 38 kwa 100. Akanieleza kwamba hoja ya pili haina ushahidi na hitimisho linarudia utangulizi. Nililia bwenini, na asubuhi nikaomba nafasi ya kuiandika tena. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amesoma nilichofikiri.

Mdogo wangu usiyeona, hapa nakusemesha wewe. Ukisifiwa, uliza: ungemsifia hivyo mwenzangu anayeona? Uliza kwa adabu, lakini uliza. Na ukisamehewa kazi, sema unataka kuifanya, kisha taja unachohitaji ili uifanye. Kusema "naweza" peke yake kunawaacha watu wakikuonea huruma zaidi. Sema, "Naweza, nikisomewa swali mara mbili." "Naweza, mkiniwekea maandishi kwenye kompyuta." Mwenye huruma akipewa kazi mahususi ya kufanya, mara nyingi huifanya kwa moyo.

Barabarani nako usikubali kusemewa. Ndani ya daladala konda humwuliza ndugu yangu niliyeongozana naye, "Huyu anashukia wapi?" Ndugu yangu huyo amejifunza kunyamaza, nami hujibu, "Nashuka Makumbusho, kaka." Nasema bila hasira. Konda yuleyule safari nyingine huniuliza mwenyewe. Kuomba msaada hakunipunguzii kitu: kuvuka barabara kubwa naomba, na fimbo nyeupe naishika bila haya. Ninachokilinda ni uamuzi. Naamua mimi ninakokwenda, anayenisaidia ananivusha.

Nilipoomba kazi ya kufundisha historia niliulizwa nani atakuwa ananiandikia ubaoni. Nilikwenda na jibu: mwanafunzi ataandika nikimtamkia, na maandalio ya somo nayaandika kwenye kompyuta kwa kutumia NVDA, programu inayosoma kwa sauti kilichoko kwenye skrini. Inapatikana bure, na aliyeianza mwaka 2006 ni kijana wa Australia, kisha mwenzake akajiunga naye, na wote wawili hawaoni. Niliijua pia sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Sikuitaja siku ile, lakini kuijua kulinifanya niketi vizuri kwenye kile kiti.

Watu hupenda kuwapa watoto wetu mashujaa. Ni vizuri, na mimi nampenda Henry Wanyoike wa Kenya. Alipofuka mwaka 1995 baada ya kiharusi, na kwenye Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000 alikimbia mita 5,000 kwa kasi iliyomshinda mwongozaji wake, mwishoni ikawa yeye asiyeona ndiye anayemvuta mwenzake hadi kwenye utepe, akachukua dhahabu. Kila nikiisimulia darasani moyo hunienda mbio. Lakini mtoto hawezi kuishi na medali ya mtu mwingine. Aliyenisaidia zaidi ni mwalimu wa kawaida asiyeona pale shule ya msingi. Alikuja kazini kwa miguu, alilalamikia mshahara, alituchapia mazoezi kwa Perkins, mashine ya kuandikia nukta nundu, na kutufokea tukichelewa. Kwake nilijua kwamba mtu asiyeona anaweza kuwa na siku ya kazi, na uchovu wa jioni. Mtafutie mwanao mtu wa namna hiyo.

Na muda wa shule ukifika usisubiri. Nenda halmashauri, mwulizie Afisa Elimu Maalumu, akuambie ni shule ipi ina kitengo cha wasioona. Zipo za miaka mingi kama Buigiri kule Dodoma, Irente kule Lushoto, Furaha kule Tabora, na zipo za kawaida zenye vitengo. Usiridhike na kuonyeshwa mabweni na jiko. Uliza kama kila mtoto ana kibao chake na kalamu. Uliza nani anasahihisha madaftari ya nukta nundu, na kama anayasoma mwenyewe. Uliza hesabu zinafundishwaje, na anayemaliza hapo hupelekwa sekondari gani, na huko nako anazisoma hadi kidato cha ngapi. Wakikujibu kwamba watoto hawa huwa wanapumzishwa, wabane hapohapo, kwa heshima, wakutajie mwalimu atakayemfundisha wako na siku atakayoanza.