Kompyuta ya michezo kwa fedha chache: chunguza pawasaplai kabla ya kulipa

Ndugu, umeuliza jinsi ya kuchagua kompyuta ya mezani ya michezo iliyokwisha kuunganishwa, kwa fedha chache, na ambayo haitakufia mapema.

Fedha zako zielekeze kwanza kwenye kadi ya michoro, kwa kuwa ndiyo inayobeba kazi kubwa ya mchezo. Prosesa ya daraja la kati, kama Ryzen 5 au Core i5 ya miaka ya karibuni, inatosha.

Hata hivyo, kitu ninachokusihi ukichunguze kuliko vyote ni pawasaplai, yaani kifaa kinachogawa umeme kwa sehemu zote za kompyuta, maana hapo ndipo wauzaji wengi hubana gharama bila mnunuzi kutambua. Tangazo likitaja wati tu bila kutaja aina yake, uliza. Uliza pia kama pawasaplai na ubaomama (bao kuu linalounganisha sehemu zote) vinafuata vipimo vya ATX, yaani vipimo sanifu vya vifaa hivyo, kwa sababu baadhi ya watengenezaji hutumia maumbo yao wenyewe, na kifaa kimoja kikiharibika baada ya dhamana kwisha, huwezi kukibadilisha kwa cha kawaida. Mimi ningeikataa mashine ya namna hiyo hata ikiwa na kadi nzuri zaidi.

Memori iwe GB 16 katika vipande viwili vya GB 8, kwani vikifanya kazi sambamba hupitisha data haraka kuliko kipande kimoja. Diski iwe SSD, yaani ile isiyo na sehemu zinazozunguka.

Ukiamua kununua iliyotumika, hakikisha inakubali Windows 11 rasmi, kwa kuwa Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.