Tuhame jiji au tubaki? Pimeni dakika kabla ya kupima vyumba

SWALI: Mtaalamu, pole na kazi. Mimi na mume wangu tumepanga nyumba ya vyumba viwili jijini, na tuna mtoto wa miaka 7. Tumepata nyumba ya kununua kwa mkopo katika mji mdogo ulio kwenye njia ya treni, kilomita 60 kutoka hapa. Ina vyumba vinne na uwanja nyuma. Rejesho la mwezi litakuwa asilimia 70 ya kodi tunayolipa sasa. Tangazo linasema ni dakika 48 tu hadi katikati ya jiji. Ninakwenda ofisini siku nne kwa wiki, na kwa sasa natumia dakika 35 kwenda na 35 kurudi. Mume wangu hufanyia kazi nyumbani. Yeye moyo wake umeshahama. Mimi nasitasita, na sijui kama ni woga au ni hesabu. Kuna njia ya kulipima jambo hili? Nimeambatisha ratiba ya treni na makadirio yetu ya nauli na gari.

JIBU: Dada, njia ipo, na kabla sijaanza nikwambie kwamba kusitasita kwako kuna msingi. Kazi yangu ni kupanga miji na usafiri. Swali hili huniletea watu wengi, na karibu wote huanza na vyumba. Wewe umeanza na dakika, na hapo ndipo pa kuanzia.

Tuanze na hizo 48 za tangazo. Hizo ni dakika za treni, kutoka jukwaa hadi jukwaa. Wewe hulali jukwaani. Ndiyo maana, kabla ya kukujibu hapa, nilikuomba uipite safari yenyewe Jumanne asubuhi, saa ileile ambayo ungeondoka ukiwa mkazi wa huko, ukiandika muda kila hatua. Karatasi yako ninayo hapa mezani. Mlango wa nyumba, saa 12:04. Gari limeegeshwa stesheni, saa 12:16. Umefika jukwaani, 12:19. Treni imeondoka, 12:27. Imeingia jijini, 1:15. Umetoka nje ya stesheni kwa kusukumana kwenye ngazi, 1:19. Umekaa kwenye kiti chako cha ofisi, 1:29. Treni dakika 48, safari dakika 85. Sijawahi kuona tangazo la nyumba linaloandika hiyo namba ya pili.

Kwenda na kurudi ni dakika 170. Sasa hivi unatumia 70. Tofauti ni dakika 100 kwa siku. Ukitoa likizo na sikukuu, utakwenda kazini kama wiki 46 kwa mwaka, siku nne kila wiki: siku 184. Zidisha, utapata dakika 18,400, yaani saa 306 na ushee. Ukizigawa kwa siku ya kazi ya saa 8, ni siku 38 za kazi kila mwaka. Hizo ni juu ya zile unazotumia barabarani sasa.

Nenda sasa kwenye fedha. Nitatumia mafungu badala ya sarafu, ili msomaji mwingine aweke hesabu zake. Kodi yenu ya sasa iwe 100. Rejesho la mkopo ni 70, kwa hiyo mnaona akiba ya 30 kila mwezi, na naamini hiyo 30 ndiyo iliyomvuta mumeo. Lakini makadirio yenu wenyewe yanaonyesha kuwa tiketi ya treni ya mwezi itazidi nauli yako ya sasa kwa 13. Gari la pili, kwa kuwa la kwanza litashinda stesheni na mji ule hauna basi la kutegemea, ni 11 ukijumlisha bima, mafuta, matengenezo na kushuka thamani kwake. Nyumba kubwa itaongeza 2 za umeme na maji. Jumla 26. Inabaki 4. Kwa mwaka mzima ni 48, chini ya nusu ya kodi ya mwezi mmoja. Hayo ndiyo malipo ya siku zako 38.

Mtu wa fedha atapinga, na ana haki: sehemu ya rejesho si gharama, ni mtaji unaojijengea ndani ya nyumba. Kweli. Ila kwenye mkopo wa miaka mingi wenye rejesho lisilobadilika, miaka ya mwanzo fungu kubwa huwa ni riba. Tena aliyenunua hulitengeneza paa lake mwenyewe, na mpangaji humpigia simu mwenye nyumba. Mtaji na matengenezo viwekeni kwenye safu yake, msivichanganye na akiba ya mwezi. Mwombeni mkopeshaji jedwali la marejesho muone mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu mtakuwa mmelipa deni kiasi gani hasa.

Usishangae kwamba akiba imeyeyuka hivyo. Bei ya nyumba ya mbali huwa ndogo kwa sababu hiyohiyo ya umbali. Mchumi wa Kijerumani Johann Heinrich von Thünen aliliona mwaka 1826 alipoeleza jinsi thamani ya mashamba inavyoshuka kadiri yanavyokuwa mbali na soko, na mchumi William Alonso mwaka 1964 akaitumia hoja hiyo kueleza ardhi na nyumba za mjini. Soko limeshapiga hesabu ya safari yako, likaipunguza kwenye bei. Kwa hiyo anayehamia mbali ili aokoe fedha, mara nyingi huwa anauza saa zake kwa bei iliyopangwa na wengine.

Na je, bei hiyo huwa ya haki? Wachumi Alois Stutzer na Bruno Frey walilifuata swali hilo kwa takwimu za kaya za Ujerumani. Kama nyumba nzuri na mshahara mzuri vingekuwa vinafidia safari ndefu sawasawa, wanaosafiri mbali wangekuwa wameridhika na maisha sawa na wengine. Walikuta hawajaridhika kama wengine. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwaomba wanawake 909 wenye ajira katika jimbo la Texas waipitie siku yao iliyopita tukio kwa tukio, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2004, safari ya kazini ilikuwa chini kabisa kwa furaha waliyoipata. Naye mwanafizikia wa Italia, Cesare Marchetti, mwaka 1994 aliendeleza kazi ya mtafiti wa usafiri Yacov Zahavi iliyoonyesha kwamba watu huelekea kutumia wastani wa saa moja hivi kwa siku wakisafiri, iwe kwa miguu au kwa gari. Wewe leo uko kwenye dakika 70, karibu kabisa na hapo. Unaombwa uende 170.

Kuna namba nyingine ambayo sisi wa usafiri huiheshimu kuliko wastani: siku moja mbaya katika kila ishirini. Kwa siku zako 184, hizo ni kama siku tisa kwa mwaka. Ratiba uliyonitumia ina treni kila nusu saa asubuhi na jioni, na baada ya saa 2 usiku ni moja kila saa. Maana yake, mkutano ukirefuka kwa dakika tano, hupotezi tano, unapoteza thelathini. Ukirefuka usiku, unapoteza saa nzima. Jijini ukikosa chombo unasubiri kingine kidogo tu, na ndiyo maana umesahau kwamba kukosa chombo ni jambo la kuhesabiwa. Wenye saa maalumu ya kuripoti kazini huishia kupanda treni ya kabla ya ile wanayoihitaji, ili wasichelewe. Kwako hiyo ni nusu saa nyingine ambayo sijaiweka kwenye zile 306.

Siku hizo tisa ndizo zitakazowapima kama familia. Chukua moja: treni imesimama katikati ya njia, taa za behewa zimewaka, tangazo linarudiwa kila dakika kumi bila kusema jambo jipya. Shule inafunga. Mumeo yuko kwenye mkutano wa simu na hawezi kutoka. Nani anamchukua mtoto? Jijini mna dada wa jirani, mna mzazi wa rafiki yake. Kule hamna mtu bado. Mimi huwaambia wateja wangu wasisaini kabla ya kujua jina la mtu mmoja anayeishi ndani ya dakika kumi kutoka shuleni na anayeweza kuitwa. Ndugu wa mbali anayesema “mtazoea tu” hawezi kumchukua mtoto saa tisa.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo palipo na uzito kuliko treni. Mumeo ndiye atakayekaa kwenye mji ule. Wewe utautumia kulala. Yeye atakuwa na uwanja, utulivu na mtoto mchana. Utakaporudi itakuwa jioni, umechoka, na yeye ana hamu ya kuongea kwa kuwa hajamwona mtu mzima siku nzima. Nimeona ndoa zenye upendo zikipata mpasuko hapo, na ilikuwa vigumu kusema nani amekosa. Muulizane kwa utulivu: yeye marafiki zake wako wapi, na atawaonaje? Wewe jioni zako za wiki utazimaliza wapi? Kuhusu mtoto, msimtazame wa leo peke yake. Miaka 7 anataka uwanja. Miaka 14 atataka kwenda kwa wenzake, mazoezini, dukani, na kwenye mji usio na basi kila safari yake itamhitaji mzazi mwenye funguo za gari. Umbali mtakaoununua leo, nusu ya pili ataulipa yeye.

Kazi nayo. Mwajiri wako wa leo yuko dakika kumi kutoka stesheni. Je, wa kesho? Piga mstari: kutoka ile nyumba, ni ofisi ngapi zenye kazi kama yako unazoweza kuzifikia ndani ya dakika 90? Anayeishi jijini akipoteza kazi hutafuta jiji zima. Anayetegemea njia moja ya treni hutafuta zilizo karibu na stesheni ya mwisho.

Mambo madogo nitayapita haraka. Intaneti ipimeni ndani ya nyumba yenyewe, jioni, na mpime kasi ya kutuma pia, kwa kuwa mikutano ya mumeo huihitaji. Jueni hospitali yenye huduma ya dharura usiku iko wapi. Jueni maegesho ya stesheni hujaa saa ngapi.

Sasa, nini kinaweza kubadilisha jibu langu? Siku za ofisi. Ukienda siku mbili badala ya nne, ongezeko linashuka hadi saa 153 kwa mwaka, na pengine tiketi ya mwezi haitakulipa tena, ununue za siku. Hapo hesabu ni nyingine kabisa, na ningekuwa mtu wa kukusukuma uende. Lakini siku mbili hizo ziwe zimeandikwa kwenye mkataba. Baada ya mwaka 2020 wengi walihamia mbali kwa kutegemea ruhusa ya mdomo ya kufanyia kazi nyumbani, kisha ofisi zikawaita. Meneja mwema huhamishwa, na ruhusa yake huondoka naye.

Na kingine ni sababu yenyewe. Hesabu yenu inaonyesha kwamba hamhami kwa ajili ya fedha, kwa hiyo acheni kulitumia neno akiba kwenye mazungumzo yenu. Kama mnahama kwa sababu mtoto analala sebuleni, semeni hivyo. Kama mumeo anaumia na kelele, aseme. Sababu ya namna hiyo inaweza kustahili siku 38, na ni ninyi tu mnaoweza kulijua hilo. Mara nyingine pia sababu ikishatajwa huonekana ina dawa nyingine: vyumba vitatu kwenye kitongoji kilicho dakika 50 kutoka ofisini, kwa mfano. Hamkuniuliza hilo, lakini kati ya dakika 35 na 85 kuna sehemu nyingi.

Uamuzi wangu, kwa karatasi zilizo mbele yangu: kwa siku nne za ofisi, msinunue sasa. Pangeni kwenye mji huohuo miezi sita, na miezi hiyo iwe na msimu ule mbaya wa hali ya hewa ambao treni husumbua. Kununua na kuuza ndani ya muda mfupi hula fedha nyingi za ada na kodi za serikali, ilhali kumalizana na mwenye nyumba ya kupanga ni jambo jepesi. Kama kupanga hakuwezekani, tafuteni chumba cha wageni huko Jumatatu hadi Ijumaa, wewe uende kazini kutoka huko siku zako nne, mumeo afanyie kazi hukohuko. Msiende Jumamosi. Jumamosi kila mji mdogo ni mzuri. Tokeni kutembea Jumanne saa 2 usiku, mwone nani yuko nje na taa zipi zinawaka.

Ukiwa huko, endelea kuandika ile karatasi kila siku ya ofisi, kwenda na kurudi. Wiki ya kwanza ikiisha nitumie zote nane, nizipitie kabla hamjamjibu muuzaji.